Hapana, sikugundua mafuta Kerege

Ile picha mliyotumiwa kwenye magrupu, ya mtu mwenye kanzu nusu nyeupe nusu nyeusi, ni mimi. Yale maneno ya chini, "Wizara ya Nishati njooni Kerege haraka, kuna mtu kagundua mafuta", kayaandika binamu wa mwoaji tuliyempelekea posa, yule yule aliyesababisha. Leo sikilizeni na upande wa marehemu.

Gari ni Toyota IST yangu, injini 1NZ, kilomita 287,000 na ushee. Siku zile nikiliwasha asubuhi lilikuwa linakoroma "krrrr" kidogo ndipo litulie, mlimani halina nguvu, kwenye foleni linatetemeka. Fundi wa mtaani kabadilisha plagi, kasafisha throto, mwisho akatoa hukumu: "Cheni ya taiming imelegea, bosi. Nenda Gerezani, kule kwenye spea za magari Dar, katafute injini."

Mimi nikachomeka kimashine changu cha bluetooth cha kusoma makosa ya gari, kikasoma kosa namba P1349. Hiyo ni VVT-i, ule mfumo wa kusogeza kemshafti (mhimili unaofungua vali) ya vali za kuingiza hewa kwa nguvu ya oili. Cheni ikivutika nayo inavuruga taiming, sikatai. Lakini injini ya umri huu, tena oili inamwagwa ukikumbuka, kinachoziba kwanza ni kichujio kidogo cha vali ya oili, au vali yenyewe inakwama. Ikikwama wazi, kemshafti inabaki imetangulizwa hata gari likiwa sailensa (linaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta), basi linatetemeka mpaka linazima. Na vali hiyo inashikwa na bolti moja tu ya spana namba kumi. Ninunue injini nzima kwa ajili ya bolti moja? Hoja hiyo nilitamba nayo kila kijiwe.

Ikafika siku ya kupeleka posa Bagamoyo, nikapewa heshima ya kuwaendesha. Mbele Baba mdogo wa mwoaji, barua mkononi. Nyuma binamu, kavaa suti nzito kana kwamba posa ni yake. Kufika Kerege, kabla ya Bagamoyo, gari likazima. Likawaka. Likazima.

"Baba mdogo, nipe nusu saa tu," nikasema, sauti ya daktari bingwa.

Tukaliacha lipoe chini ya mwembe. Nikakunja mikono ya kanzu, nikafungua boneti, nikachomoa vali. Si nilisema? Imejaa utope mweusi. Nikaiosha kwa petroli, nikaigusisha nyaya za betri, kipini cha ndani kikacheza. Baba mdogo akasogea, anajipepea kwa ile barua. Nikainama nimwonyeshe tundu vali ilipotoka.

Hapa twendeni polepole, maana ndipo watu wanapaongezea chumvi. Kwanza nilisikia "tik" ya ufunguo. Pampu ya petroli ikaguna kule nyuma. Akili yangu ikanituliza: hakuna binadamu anayewasha gari wakati kichwa cha mwenzake kimo ndani ya boneti. Stata ikaita. Chini kabisa ya tundu nikaona kitu cheusi kinapanda, kinameremeta, kikatoa povu moja. Povu likanitazama. Nikafungua mdomo nimwambie "usiwashe", nikafika "usi", na hiyo "usi" nikaimeza pamoja na oili.

Mkupuo wa kwanza kifuani. Wa pili kidevuni. Uliobaki ukaangukia feni belti, na feni belti haina upendeleo: ikagawia bampa, ikagawia mwembe, ikamgawia Baba mdogo kuanzia kofia hadi kubadhi. Barua nayo ikapata fungu lake. Mimi badala ya kuruka nyuma, nikaziba tundu kwa kiganja! Oili ikatokea katikati ya vidole, ikaenda mbali zaidi.

Binamu akatoa kichwa dirishani: "Kaka, nilikuwa nasikia joto. Nimewasha ili niweke AC."

Baba mdogo hakusema neno. Alitoa leso, akafuta miwani, akaivaa, akanitazama, akaivua tena.

(Na nyie mnaouliza kwa nini niliacha ufunguo ndani ya gari, kaombeni kazi polisi.)

Vali ikarudi mahali pake, tukanunua oili dukani barabarani, gari likawaka na kutulia sailensa safi, jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelisifia. Tukafika tumechelewa, tukatandikiwa magazeti kwenye kochi, ikasomwa mistari ya barua iliyokuwa bado inasomeka. Shangazi wa binti akauliza kama tumeleta posa au risiti ya gereji.

Jibu halijatoka. Ila baba wa binti alitusindikiza nje, akasimama kuisikiliza injini yangu, kisha akanivuta pembeni. Ana Toyota Spacio, injini hiyo hiyo, na asubuhi inakoroma hivyo hivyo. Jumamosi niende na spana yangu. Binamu asije, na ufunguo atakaa nao yeye mwenyewe.