Gödel hahusiki na kila leseni

Kuna hoja inayopendwa na baadhi ya waandishi wa programu hapa Mombasa: mwaka 1931 mwanahisabati Kurt Gödel alithibitisha kwamba hakuna kanuni zilizo kamili, basi leseni za programu, yaani masharti ya kuzitumia na kuzisambaza, nazo haziwezi kukamilika, na kuumiza kichwa juu yake ni kujisumbua bure. Hoja tamu, ila masharti yake yameachwa njiani.

Gödel alizungumzia mfumo rasmi wa kihisabati usiojipinga, ambao misingi yake yaweza kuorodheshwa kimashine, na wenye nguvu ya kueleza kujumlisha na kuzidisha namba. Ukiondoa kuzidisha, hali inabadilika: mwanahisabati Presburger alionyesha mwaka 1929 kwamba hesabu ya kujumlisha peke yake imekamilika, yaani kila kauli yake yaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, aya chache tu, haina hata kujumlisha.

Chukua wakala wa forodha pale Kilindini anayetengenezewa programu. Kipande kimoja cha msimbo kiko chini ya leseni ya GPL toleo la 2 pekee, kingine chini ya leseni ya Apache 2.0. Yafaa kuviunganisha? Free Software Foundation, shirika linalotoa GPL, inasema hapana: masharti ya Apache kuhusu hataza (haki za mvumbuzi) ni vizuizi ambavyo GPL 2 haivikubali. GPL 3 ya mwaka 2007 ililitatua hilo kwa msimbo ulio chini yake. Na kama wakala angejitengenezea mwenyewe, akaitumia ofisini mwake bila kuisambaza, GPL isingemzuia. Majibu yapo, ni uvivu wa kusoma tu.

Wanaomtaja Gödel wana mifano yao, tena si mibaya. Maandishi ya GPL yanakuruhusu kubadilisha programu, lakini yanakataza kubadilisha maandishi yenyewe. Leseni ya JSON inataka programu itumike kwa wema, si kwa uovu, nani atapima? Lakini huo wa kwanza si mgongano, kwani programu na leseni yake ni vitu viwili. Na huo wa pili ni utata wa lugha, ambao mahakama huuamua kila siku. Jaji hawezi kusema kesi haithibitishiki wala haikanushiki, kisha akaenda zake nyumbani.

Mahali ambapo hisabati inauma kweli ni kwingine, na hapo ninawapa haki yao. Mwaka 1953 mwanahisabati Henry Rice alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja wa kimashine unaoweza kuichukua programu yoyote ile na kuamua itakavyotenda. Kwa hivyo mkataba unaosema “programu haitatuma kamwe taarifa za mteja nje” hauna mashine ya kuukagua kwa kila programu, ingawa programu moja moja yaweza kuchunguzwa na kuthibitishwa. Wakala wetu angefaidika zaidi na kifungu kinachotaja seva zinazoruhusiwa, kinachoziba nyingine zote kwenye mtandao wa ofisi, na kinachompa haki ya kusoma kumbukumbu za mawasiliano kila mwezi.