IP haihami na mteja, na isihame

Kuna jamaa anahama kampuni ya intaneti, ameambiwa IP zake (namba za anwani za mashine zake mtandaoni) zinabaki huko anakotoka na amechukia sana. Hoja yake ni ile ile ya kila mtu: mbona namba ya simu nahama nayo? Ati kunyimwa IP ni njama ya kumfunga mteja asiondoke.

Jamani hapana. Namba ya simu inahamika kwa sababu kabla simu haijaita mitandao inaangalia kwanza kwenye hifadhidata namba hiyo siku hizi iko kwa nani, inaulizwa mara moja tu basi. Intaneti haina pa kuuliza. Kila pakiti, yaani kipande cha data, ikifika kwenye ruta, ile mashine inayoelekeza data, inaangaliwa kwenye jedwali lake la njia palepale na kusukumwa mbele, na IP yenyewe ndio inaonyesha ielekee wapi. Ndio maana tangu CIDR (utaratibu wa kugawa anwani na kuzipangia njia) ilipokuja 1993 anwani zinagawiwa kwa mafungu, provaida, yaani kampuni ya intaneti, anachukua fungu kubwa, dunia inabeba njia chache tu za kumfikia, wateja wake anajuana nao huko ndani. Sasa kila anayehama akiondoka na kipande chake, hicho kipande inabidi kitangazwe peke yake kwa BGP (itifaki ambayo mitandao inatangaziana njia) mpaka kwenye ruta za watu wasiokujua, ambao hujawalipa chochote, na watakibeba kwenye memori ya ruta zao kwa muda wote utakaokuwepo. Hiyo sio haki ya mteja, hiyo ni kuwabebesha wengine gharama yako. Na memori inajaa kweli: tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la intaneti nzima lilivuka njia 512K (laki tano na ushee), ruta nyingi za zamani zilikuwa zimewekewa nafasi ya hapo tu, intaneti ikayumba sehemu nyingi duniani. Leo njia za IPv4, toleo la zamani la anwani, ziko karibu na milioni, na hapo bado watu wengi hawajahama na kitu.

Halafu hata ukipewa hutafika mbali. Mwaka 2004 mahakama moja ya New Jersey, Marekani, ilitoa amri ya muda kwamba mteja anayehama aachwe aendelee na IP za provaida wake wa zamani, mainjinia wakapiga kelele sana, na walikuwa sahihi. Amri inambana aliyeshtakiwa. Ruta za wengine haizihusu, na chochote kidogo kuliko /24 (fungu la anwani 256) wengi wanakichuja, kwa hiyo wewe mwenye IP zako nane utaenda nazo wapi?

Barua pepe nakubali inauma. IP iliyojenga jina zuri kwa miaka ukiiacha unaanza upya, unaweza hata kupewa iliyochafuliwa na spam za mtu mwingine. Hapo sina jibu zuri.

Ila mengine yote ni kazi ya mikono. Unachohama nacho ni domeni, jina lako la mtandaoni. Shusha TTL (sekunde ambazo wengine wanakumbuka domeni yako iko kwenye IP gani) kutoka 86400 hadi 300 mapema kabla ya siku yenyewe, tafuta kila mahali IP imeandikwa kavukavu, VPN ya tawi, kamera, fayawoli ya mteja wako, rekodi ya SPF (orodha ya wanaoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina lako), ile skripti ambayo aliyeiandika ameshaacha kazi. Ukubwa wako ukiruhusu chukua anwani zako mwenyewe zisizo za provaida yeyote pamoja na namba yako ya AS, inayoutambulisha mtandao wako kwenye BGP. IPv4 za bure hifadhi kuu iliisha Februari 2011 kwa hiyo jiandae kununua, IPv6, toleo jipya, zipo tele.

Ninapogombana na maprovaida ni pengine. Mteja anaandika barua ya kuondoka, laini inakatwa siku hiyo hiyo! Mwacheni awe na laini zote mbili angalau mwezi, alipie, ahamishe seva moja moja usiku watu wamelala. Na muandike kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kwa herufi zinazosomeka, kwamba IP ni za kuazima, maana wengi wanakuja kulijua hilo siku wanaondoka.