Mume asiye na mshahara katika michezo ya Lubumbashi

Katika michezo ya kuchekesha ya redio na televisheni za Lubumbashi, kuna mhusika asiyekosekana: mume asiye na kazi. Amevaa nguo ya kazi ya buluu iliyochakaa, anaamka jua limekwisha kupanda, anadai bukari, yaani ugali, ya moto, na mkewe akirudi sokoni yeye ndiye wa kwanza kulifungua fundo la kitenge ili azihesabu faranga ambazo hakuzitolea jasho. Watu hucheka, na hucheka kwa sababu wanamjua. Wapo sasa wanaosema kwamba mhusika huyu amechekwa vya kutosha na kwamba anastahili kuandikwa kwa namna nyingine. Wanajibiwa kwa ukali kutoka pande mbili: wengine huwaambia kwamba wanatetea wavivu, na wengine kwamba wanabomoa mila ya mababu, ambayo kwayo mwanaume ni yule anayelisha nyumba, na asiyelisha hana jina. Nimewasikiliza wote, na naona kwamba wanaoomba mabadiliko ndio walioeleweka vibaya zaidi.

Hoja ya wanaotetea kicheko si nyepesi hata kidogo. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba, ilipoyumba, uzalishaji wake wa shaba ukashuka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu tani 30,000 mwaka 1994, na waliozisimamisha nyumba walikuwa akina mama. Walitoa meza mbele ya lango, wakauza unga kwa meka, yaani kwa kipimo, makala (makaa) kwa mafungu, mafuta kwa vikombe, na wengine wakapika lutuku, pombe kali ya kienyeji, usiku. Sheria nayo iliwaelemea. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, katika kifungu cha 444, ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba na kumtaka mke amtii, na kifungu cha 448 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria kufanya kazi yoyote yeye mwenyewe. Takwa hilo halikuondolewa hadi marekebisho ya Julai 2016. Kwa karibu miaka 30, basi, mwanamke aliyelisha nyumba alihitaji, kwenye karatasi, ruhusa ya mtu aliyekula kwa mkono wake. Mama kama huyo akimwona mume wa namna hiyo akiaibishwa mbele ya mji mzima, sioni ni nani mwenye haki ya kumwambia asicheke. Tena, tangu enzi za mchekeshaji Mufwankolo na wenzake, jukwaa letu limekitumia Kiswahili cha mtaani kuwacheka wenye mamlaka, na nyumbani mwenye mamlaka ni mume.

Hoja ya mila haina uzito kama huo. Miongoni mwa Wabemba, ambao lugha yao imeingia ndani kabisa ya Kiswahili chetu cha Katanga, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto kuliko baba aliyewazaa. Kijana aliyeoa alikwenda kwanza kuwafanyia kazi wakwe zake. Wanaume walipanda miti na kukata matawi ya kuchoma shambani, wanawake walikusanya matawi hayo, wakapanda nafaka, na ghala likawa mikononi mwa mke. Hapo mwanaume hakupimwa kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayelisha. Sisemi kwamba hakutawala. Alitawala, na kwa njia nyingine nyingi. Lakini baba anayerudi jioni na chakula cha wote, huku mke akimngoja ndani, hakutoka huko.

Alitoka kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo baadaye Gécamines iliirithi, ilihangaika kwa miaka mingi na vibarua waliokuja kwa mkataba mfupi na kurudi kwao, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na familia zao. Mwenye mke alipendelewa. Posho ya mke na ya watoto ilihesabiwa kwa jina la mume. Wavulana walifundishwa ufundi wa kiwandani, wasichana na wake za wafanyakazi wakafundishwa kushona, kupiga pasi na kupanga nyumba. Mtoto akiugua, zahanati iliuliza matrikuli, yaani namba ya kazi, ya baba kabla ya kuuliza anaumwa wapi. Watu walisema kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba na ndiyo mama, na hawakutia chumvi, kwani kampuni ndiyo iliyomlisha baba ili naye aonekane analisha. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja watoto wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa zamani, walioachwa na baba yao. Baba anayetajwa hapo ni kampuni.

Upande wa pili wa mji huohuo kulikuwa na wanaume waliopewa jina jingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa ajili ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Mtumishi wa namna hiyo aliitwa boi, neno la Kiingereza ambalo maana yake ni mvulana, hata kama ana mvi na wajukuu. Ukilikumbuka neno hilo, unaelewa kwa nini mshahara na posho vilishikwa kwa nguvu namna ile: vilikuwa mahali pachache ambapo mwanaume wa mji huu aliruhusiwa kuitwa mtu mzima.

Kisha ikaja namba ambayo sijaweza kuizoea: 10,655. Hao ndio wafanyakazi walioondolewa Gécamines mwaka 2003 na 2004 katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, ambao mtaani hadi leo huitwa «départ volontaire», yaani kuondoka kwa hiari. Karibu wote walikuwa wanaume, na wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Hiari ya mtu aliyekaa hivyo ni hiari ya namna gani? Namba hiyo inahesabu matrikuli, haihesabu nyumba. Posho ilipogawanywa, mke na kila mtoto walikuwa na sehemu yao kwenye karatasi. Watu walipoondolewa, kila nyumba ikawa mtu mmoja. Pamoja na mshahara yaliondoka shule, matibabu na ile sauti ya king'ora iliyowaambia wote mtaani kwamba baba fulani yupo kazini. Wanaume hao, mmoja mmoja, walikaa uani saa ambazo hawajawahi kuwa uani, mbele ya watoto wasiojua wawaambie nini. Huyo ndiye tunayemcheka, na katika michezo yote niliyoiona hakuna hata mmoja uliosema nguo ile ya buluu aliipata wapi.

Jioni moja huko Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi, nilitazama mchezo kama huo nyumbani kwa jirani, mzee aliyeondoka katika mpango huo. Mume wa kwenye televisheni alijificha nyuma ya mlango ili aibe pesa za meza ya mkewe, na watoto wakacheka hadi wakaanguka kwenye mkeka. Mzee aliinuka. Mkewe akamwambia, «Baba, unaenda wapi? Bado haijaisha.» Akajibu kwamba anakwenda kuangalia mlango wa kuku. Hawana kuku.

Michezo yetu inachanganya mambo mawili chini ya kicheko kimoja. Mume anayedai utii wa kifungu cha 444 huku akila unga alioutafuta mkewe anastahili kuchekwa, na anayempiga achekwe hadi aone haya kutoka nje. Historia ya kampuni haimtetei. Lakini mfuko mtupu si kosa, na mtunzi anayeuchekesha anarudia bila kujua somo la kambini, kwamba mwanaume ni posho yake. Somo hilo linamuumiza mke pia, kwa maana kazi yake yote inageuzwa kuwa ushahidi wa aibu ya mtu mwingine.

Mzee yuleyule hupakia magunia mawili ya makala kwenye baiskeli saa kumi usiku, anaisukuma hadi karibu na soko, anayashusha kwenye kona na kurudi kabla majirani hawajaamka. Wateja wakimuuliza mama ni nani aliyemletea mzigo, husema ni kijana wa kulipwa. Anamfichia mumewe kazi ambayo ingempa heshima, kwa sababu kubeba mzigo wa biashara ya mke ni jambo ambalo mji huu umefundishwa kulicheka. Waigizaji wetu wana uwezo wa kuicheza safari hiyo vizuri sana: giza, mnyororo unaolia, mtu anayeinamisha kofia mbwa wakibweka, na mama anayesema uongo wake kwa upole huku akipanga mafungu. Bado sijaiona kwenye mchezo wowote.