Maharage ya Ijumaa kwenye jiko la kioo

Watanzania tulio Uingereza tukikutana hatukosi kulalamikia jambo hili: nyumbani familia inakula chakula kilichopikwa, kwa hela kidogo, na inasali pamoja, lakini huku Uingereza kila mtu ana saa yake ya kula, na anachokula kimetoka kwenye pakiti. Hali hiyo naikubali. Sababu inayotolewa ndiyo siikubali. Tunaongea kana kwamba tuliowaacha wana moyo wa familia, na sisi wetu ulidondoka baharini.

Nyumbani kuna genge hatua chache kutoka mlangoni, linauza fungu la nyanya la kutosha mlo mmoja. Kuna duka linalokupimia mafuta ya kupikia ya leo tu. Kuna jumuiya inayopiga hodi kila wiki, hata wiki ambayo hujisikii kusali. Na katika nyumba nyingi za mjini kuna dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa na kuchambua maharage. Hivyo vyote ndivyo vilivyokuwa vinatupikia. Tukipanda ndege vinabaki, halafu tunashangaa mbona jiko limepoa.

Dada wa kazi nimemtaja makusudi, maana tukisifia chakula cha nyumbani huwa tunamruka. Kupuliza mkaa, moshi machoni, masizi ya kusugua kila siku: gharama hiyo ilikuwapo, ila aliyekula siye aliyeilipa. Hata serikali imeliona. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo sitamani jiko la nyumbani lihamie huku jinsi lilivyo. Natamani chakula chake, kazi ikiwa imegawanywa: baba asonge ugali, watoto wachambue, na mama awe na siku yake ya kukaa.

Nianze na maharage. Ndiyo yanayookoa hela kuliko kitu kingine chochote jikoni, na ndiyo yanayokosewa zaidi. Kopo la gramu 400 ukilichuja maji linabaki na maharage kama gramu 240. Nusu kilo ya maharage makavu ikiiva inakupa kilo 1.2 hivi, yaani makopo matano. Piga hesabu kwa bei ya duka lako mwenyewe.

Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yawe mara tatu ya maharage. Asubuhi mwaga hayo maji, suuza, weka mengine. Bandika, na yakianza kutokota kwelikweli, yaache yatokote kwa moto mkali dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto. Hizo dakika 10 usizifupishe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini, na kinachoivunja ni mtokoto. Ukiyala mabichimabichi, ndani ya saa chache unatapika na tumbo linakukata. Nyumbani hatukuwahi kuliwaza hili kwa sababu mkaa ukishakolea sufuria inachemka mpaka mfuniko unaruka. Huku watu wananunua lile jiko la umeme la kupika polepole, wanamimina maharage yaliyolowekwa, wanawasha, wanakwenda kazini. Chombo kile mara nyingi hakifikishi maji kwenye mtokoto, na joto la wastani linaweza kuongeza ukali wa sumu hiyo badala ya kuiondoa. Kama unacho, kitumie, lakini chemsha kwanza dakika 10 kwenye sufuria ya kawaida.

Kisha kuna maji. Ukiwa London, angalia ndani ya birika la umeme: ganda jeupe limeota. Hiyo ni chokaa ya maji magumu, na kalsiamu yake inakaza ngozi ya maharage. Glasgow maji ni laini, na maharage yaleyale yanaiva mapema zaidi. Aliye kwenye maji magumu atie magadi soda ya kupikia ("bicarbonate of soda"), robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo, wakati wa kuchemsha. Yakizidi hapo maharage yanarojeka na kuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea. Nyanya, ndimu na ukwaju viingie maharage yakishalainika, kwa sababu tindikali inayagandisha ugumu wake hapohapo. Ukifuata yote hayo na baada ya saa mbili bado yanagonga jino, basi yamekaa sana dukani. Hayo ni ya sufuria ya presha tu. Kwenye presha, yaliyolowekwa yanahitaji dakika 15 hadi 20 tangu presha ipande. Usijaze sufuria kupita nusu, maana povu la maharage linaziba valvu.

Pika kilo nzima mara moja. Yakipoa, gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja pamoja na supu yake kidogo, andika tarehe, tia friza. Ukiyagandisha makavu bila supu yanapasuka na kukauka.

Kwa maharage ya nazi, huku hakuna mbuzi wala kifumbu, na nazi nzima ya dukani mara nyingi ni kuukuu, imeoza ndani. Nunua nazi kavu iliyosagwa, isiyo na sukari. Soma pakiti, maana yenye sukari iko rafu moja na ya waokaji keki. Gramu 200 kwa mililita 500 za maji ya moto ambayo kidole kinayavumilia kwa sekunde moja. Yakiwa yanachemka mafuta yanajitenga. Acha dakika 10, saga kwenye blenda dakika mbili, kamua kwa kitambaa safi cha pamba. Hilo ni tui la kwanza, liweke kando. Rudisha machicha kwenye blenda na maji mililita 400, kamua tena: tui la pili, hilo ndilo la kuchemshia. La kwanza linaingia mwishoni, moto mdogo, ukikoroga upande mmoja mpaka lichemke kidogo tu. Ukilifunika na kuliacha litokote, linakatika. Wengi wanaolaumu tui la kopo wanalimimina lote mwanzoni. Nalo litenganishe vilevile: zito la juu mwishoni, lililobaki uliongezee maji.

Ugali una mitego miwili, wa unga na wa jiko. Uingereza pakiti iliyoandikwa "cornflour" ni wanga mtupu wa kuzitia supu uzito, na ukiusonga unapata gundi. Polenta ni ya njano na ina chengachenga. Unga wa Kimeksiko wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa unanata na una harufu yake. Sembe nyeupe utaipata kwenye maduka ya Waafrika na ya Wahindi, na mfuko wa kilo 10 unapungua bei kwa kilo, ila ukishafunguliwa uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, la sivyo wadudu watakula faida yako.

Jiko lenyewe sasa. Jiko la induksheni halitambui sufuria za alumini tulizokuja nazo. Gusisha sumaku kwenye kitako, isiponasa sufuria haitapata moto. Na jiko la kioo halipendi kusongewa juu yake, uzito wa mkono na mwiko unaweza kulikwaruza au kulipasua. Chemsha lita moja ya maji, koroga kikombe nusu cha sembe kwenye maji baridi, mimina, pika uji dakika tano. Kisha toa sufuria, iweke juu ya taulo lililokunjwa kwenye meza ya jikoni, tia unga kama vikombe vitatu kwa mafungu, songa hapo. Rudisha kwenye moto mdogo, bonyeza, geuza, funika dakika tatu. Jiko la koili halipungui moto papo hapo kama gesi, kwa hiyo washa koili ya pili mapema kwa moto mdogo na uhamie huko. Mabonge yanatokana na uji mwepesi uliotiwa unga wote kwa pupa.

Kwenye kiporo cha wali nina neno kali kidogo. Wali uliolala kwenye sufuria mpaka asubuhi ni mazoea ya nyumbani ambayo hayakupaswa kusafiri nasi, na hata huko hayakuwa salama. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba vinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha mpaka ufuke moshi. Tandaza wali unaobaki kwenye sinia, uwe mwembamba, uingie frijini ndani ya saa moja, uliwe kabla ya saa 24, na upashwe mara moja tu.

Kuhusu manunuzi nitasema moja. Lebo ya "use by" inahusu usalama, siku ikipita tupa. "Best before" inahusu ubora, na mchele, unga au biskuti vilivyoipita bado ni chakula. Nyama iliyopunguzwa bei jioni kwa sababu siku yake ya mwisho ni leo unaweza kuigandisha leo hiyohiyo kabla ya usiku wa manane. Anayezichanganya lebo hizi anatupa chakula kizuri, au anaweka mezani kibaya.

Yote haya watu wengi wanayajua. Kinachowashinda ni kuyarudia wiki baada ya wiki, baba akiwa shifti ya usiku, mama akiingia kazini alfajiri kwenye nyumba ya kutunzia wazee, watoto wakirudi na njaa saa tisa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema imani huku ni mzigo wa ziada kwa familia iliyochoka. Naona imani ndiyo kalenda pekee ambayo mwajiri hawezi kuibadilisha kwa ujumbe wa simu. Maaskofu Wakatoliki wa England na Wales walirudisha wajibu wa kutokula nyama kila Ijumaa tangu tarehe 16 Septemba 2011, mwaka mzima, wala si Kwaresima peke yake. Wakatoliki wenzangu wengi kutoka nyumbani hawalijui hilo, na wakilijua wanalitimiza kwa kununua samaki wa kukaanga wa dukani kwa bei ya kulisha nyumba siku mbili. Ijumaa iwe siku ya maharage. Ikiwa siku ya maharage, basi Alhamisi usiku ni siku ya kuloweka, na mtoto wa miaka saba anaweza kukabidhiwa kazi hiyo: kuchambua mawe, kupima vikombe, kumimina maji. Kwaresima, tofauti ya bei kati ya nyama mliyozoea na maharage iwekwe kwenye kopo mezani, mtoto aione ikijaa, na ipelekwe parokiani kwa ajili ya maskini. Bila kopo hilo kubana matumizi kunageuka uchoyo haraka sana.

Jumuiya nayo inawezekana. Tangu miaka ya 1970 Kanisa la Afrika Mashariki limeziwekea jumuiya ndogondogo uzito mkubwa, na familia nne au tano za mji mmoja wa Uingereza zinatosha kuanza, kila wiki mbili, nyumba kwa nyumba. Zinazokufa nimeona zinakufa kwa sababu moja: mwenyeji wa kwanza anapika pilau, kuku na sambusa, wa pili anaongeza mbuzi, wa tatu anaanza kutoa udhuru. Kubalianeni tangu siku ya kwanza: wali, maharage, mboga moja, chai. Atakayezidisha aambiwe kwa upole, mapema. Na sala iwe kwa Kiswahili, hata watoto wakijikwaa, kwa sababu kwa wengi wao hiyo itakuwa saa pekee ya wiki wanaposikia Baba Yetu ikisemwa na watu wengi kwa lugha ya bibi yao.

Kwa nyumba ambayo hata saa ya kukaa pamoja haipatikani, zipo zile dakika 10 za mtokoto. Lazima mtu asimame jikoni, maana povu likipanda linamwagika kwenye kioo na kuganda. Makumi mawili ya rozari yakisaliwa bila kukimbizana yanakaribia dakika hizohizo. Sufuria ikianza kutokota, anayeisimamia anaita, waliopo nyumbani wanakuja walivyo, aliye kazini anaingia kwa simu kama ana mapumziko, mfuniko unaegeshwa upande, na kumi la kwanza linaanza. La pili likiisha na dakika 10 zimetimia, moto unapunguzwa.