Kubeba friji ndiyo kufulia?

Mwanza tunajiita Rock City kwa sababu ya mawe, si magitaa. Roki yenyewe mimi nilikuwa naiona kelele tu, hadi Jumapili moja huku Kirumba tulipowekewa Searching for Sugar Man, filamu ya mwaka 2012 inayomhusu mwanamuziki Sixto Rodriguez wa Detroit, Marekani.

Kisa chake kwa kifupi: alitoa albamu mbili, 1970 na 1971, Wamarekani hawakuzinunua, akaishia kwenye kazi za kubomoa na kukarabati nyumba. Kumbe Afrika Kusini, enzi za makaburu, nyimbo zake zilikuwa zinatamba na wengi wakiamini alijiua jukwaani. Mashabiki wakamtafuta, wakampata, na mwaka 1998 akaenda kuwapigia maelfu ya watu. Kisha akarudi kwenye nyundo yake.

Tulikuwa na mzee mmoja jirani, zamani mpiga solo wa bendi ya dansi, siku hizi anashona nyavu Mwaloni. Binti wa Rodriguez aliposimulia jinsi baba yake alivyokuwa akibeba friji mgongoni, kijana mmoja akaguna: "Duh, alifulia huyu." Mzee akageuka. "We kijana, kubeba friji ndiyo kufulia? Uliza alilipwa au hakulipwa."

Hilo neno kufulia, yaani kuishiwa, tunalitumia ovyo. Msanii akionekana kwenye daladala, kafulia. Akifungua genge, kafulia. Na filamu yenyewe, pamoja na uzuri wake, ina ugonjwa huohuo: haisemi popote kwamba Rodriguez alifanya ziara Australia mwaka 1979 na tena 1981. Wameificha ili asahaulike vizuri, maana aliyesahaulika nusu hatutoi machozi. Mwaka huohuo wa 1981 alimaliza shahada ya falsafa Chuo Kikuu cha Wayne State. Fundi wa kubomoa, mwanafalsafa, anapanda jukwaani Australia: huyo ndiye mtu niliyetaka kuonyeshwa, nikaletewa maskini aliyefufuka.

Mzee wala friji haikumgusa. Kilichomgusa ni pale mwongozaji anapouliza fedha za santuri za Afrika Kusini zilimfikia nani, na aliyekuwa mwenye lebo, kampuni iliyotoa albamu zake, anapandisha hasira badala ya kutoa jibu linaloeleweka. Akaomba irudishwe nyuma. Tukairudisha mara tatu.