Mbona madaktari hawaulizi mgonjwa anakula nini?
Eti mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, akimeza dawa kwa saa yake, mengine yatajiweka sawa. Hapo nabisha. Baba alikuwa anameza levodopa, dawa ya ugonjwa huo, saa mbili asubuhi kamili, pamoja na chai ya maziwa na kiporo cha maharage. Saa nne mkono bado unatetemeka, kifungo cha shati kinamshinda. Kliniki wakawa wanaongeza dozi tu. Muuza dawa mtaani kwetu ndiye aliyetueleza kuwa protini, kama ya maziwa na maharage, hugombania njia ya kuingia mwilini na dawa hiyo, ameze nusu saa kabla ya kula. Maharage tukayahamishia jioni, na vifungo sasa anafunga mwenyewe. Na bado sijataja kukonda, kufunga choo, kupaliwa na maji, ambayo nayo humpata mgonjwa huyu! Nani hapa amewahi kuulizwa na daktari habari za sahani ya mgonjwa wake?