Miranda July: wanaompenda, wanaomkimbia, na kazi yenyewe

Filamu ndefu ya kwanza ya Miranda July, Me and You and Everyone We Know, ilipata Caméra d'Or kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2005, tuzo ya filamu bora miongoni mwa za waongozaji wanaoanza. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota nne, kiwango chake cha juu kabisa. Tangu hapo Mmarekani huyu, mzaliwa wa Vermont aliyekulia Berkeley, California, ameandika hadithi fupi na riwaya, ameongoza filamu nyingine mbili, na watu hawajaacha kubishana juu yake. Wanaompenda wanasema amewatolea moyoni jambo ambalo wao hawakuthubutu kulitamka. Wasiompenda hawaishii kwenye kazi. Wanamkasirikia yeye mwenyewe: sauti yake, macho yake makubwa, mavazi yake, na tabia yake ya kusema mambo ya ajabu kwa uso mkavu.

Mimi ni wa kundi la kwanza, ila nadhani kundi la pili halijasikilizwa vizuri pale linapogusa jambo la msingi.

Chukua tukio moja katika filamu hiyo ya 2005. Christine, ambaye July anamwigiza mwenyewe, anaishi kwa kuwaendesha wazee. Akiwa barabarani na mzee mmoja, wanaona mfuko wa plastiki wenye samaki wa dhahabu umesahauliwa juu ya paa la gari jingine. Dereva wa gari lile hana habari. Akifunga breki, samaki ataanguka; akiongeza mwendo, vilevile. Christine anamuaga yule samaki na kumwambia kwamba atakufa akijua alipendwa. Anayeipenda filamu hii hulia hapo. Asiyeipenda huona msanii anayetaka apongezwe kwa kuwa na moyo laini, na kwa haki, maneno yale yakinukuliwa peke yake yanasikika ya kitoto. Lakini hayako peke yake. Magari yanakwenda, njia ya kumwokoa samaki haipo, na wanaomhurumia wanalijua hilo. Huruma isiyo na la kufanya ndiyo habari ya tukio zima, na July ameijenga kwa mwendo wa magari kabla ya kuitia maneno.

Siwezi kusema hivyo kuhusu paka wa The Future, filamu yake ya 2011. Paw Paw, paka aliyejeruhiwa anayengoja kuchukuliwa na wapenzi wawili wasiojua wanataka nini maishani, anatusimulia kwa sauti ya July iliyobanwa ikawa nyembamba. Hapa nakubaliana na wanaolalamika. Paka yule anatuomba machozi ambayo binadamu wa filamu hiyo hawajayastahili bado, na mimi kila aliposema nilitamani turudi kwa watu.

Lakini lawama nzito zaidi ni ile inayosema kwamba July anawatumia watu wa kawaida kama mapambo ya ulimwengu wake. Ushahidi unaotolewa ni It Chooses You, kitabu chake cha 2011. Alipokwama kuandika The Future, alianza kuwapigia simu watu wa Los Angeles waliotangaza vitu vya kuuza kwenye PennySaver, gazeti la matangazo madogomadogo, kisha akaenda kuwahoji majumbani mwao. Alikuwepo aliyeuza koti la ngozi kwa dola 10, na kijana aliyeuza viluwiluwi. Msanii mwenye jina anaingia kwa watu wenye kipato kidogo, anauliza maswali ya ndani, anaondoka na kitabu. Ukilitaja hivyo, linanuka.

Nimekisoma nikilitafuta kosa hilo, na nimelipata katika baadhi ya kurasa, pale anaposhangaa mno hali za wenyeji wake. Lakini kitabu kinageuka anapofika kwa Joe Putterlik, mzee aliyekuwa akiuza sura za mbele za kadi za Krismasi, na ambaye kwa miaka mingi alimwandikia mkewe mashairi ya utani wa chumbani. July alimpa nafasi katika The Future, na mwezi wa angani unaozungumza katika filamu hiyo unatumia sauti ya Joe. Alifariki kabla filamu haijatoka. Mtu anaweza kuuliza kama hilo linatosha kufuta usumbufu wa zile kurasa nyingine. Kwangu halifuti. Linaonyesha tu kwamba ana uwezo wa kumsikiliza mtu hadi mtu huyo abadilishe kazi yake.

Na kuwashirikisha wageni hakukuanza na umaarufu. Mwaka 1995 alianzisha mpango wa wanawake kumtumia filamu zao fupi, naye akaziunganisha kwenye kanda za video na kuwarudishia ili kila mmoja aone za wenzake. Kuanzia 2002 hadi 2009, yeye na msanii Harrell Fletcher waliwapa watu kazi ndogondogo, kama kupiga picha chini ya kitanda kwa mwanga wa flashi, na zaidi ya watu 8,000 walizifanya. Wanaosema anajipenda tu inabidi waeleze miaka hiyo yote.

Kwa nini basi hasira zinamwelekea yeye? Sababu moja ni kwamba katika filamu mbili za kwanza alikuwa mwandishi, mwongozaji na mhusika mkuu kwa pamoja. Wapo wanaume wengi waliofanya hivyo wakaitwa wenye maono. Yeye anaitwa mwenye madoido. Sidhani kila anayemchoka ana chuki na wanawake, lakini lugha anayochokewa nayo ni ile wanayoambiwa wasichana wanaojishaua. Kipimo kizuri ni Kajillionaire ya 2020, ambamo hakuigiza. Old Dolio, binti aliyelelewa na wazazi matapeli bila hata kukumbatiwa, anaishi nao katika ofisi ambayo ukuta wake hutoa povu la waridi kutoka kiwanda cha jirani, nao hulikinga kwa ndoo. Vituko ni vilevile, pengine vimezidi. Uso wa July haupo, na baridi ya wale wazazi inatisha bila kizuizi. Aliyemkimbia July na aanzie hapo.

Ugomvi mkubwa zaidi umeletwa na riwaya yake ya 2024, All Fours, iliyoingia fainali ya National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani. Msanii wa miaka 45, mke na mama, anaaga nyumbani Los Angeles aendeshe gari hadi New York. Baada ya nusu saa hivi anaacha barabara kuu, anaingia mji wa Monrovia, anapanga chumba cha moteli na kukaa humo. Kitabu kinazungumzia mwili unaokaribia ukomo wa hedhi na hamu isiyotulia, kwa uwazi unaokera wengi. Wasomaji wanawake walikipitisha mkono kwa mkono, na wengine walimwandikia July kwamba kimewafanya waitazame upya ndoa yao. Wengine wakamwona msimulizi mbinafsi aliyemtelekeza mtoto.

Wasomaji wa Kiswahili tuliwahi kuwa na ugomvi wa sura hii. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake kuhusu ngono. Mjadala wa aibu ulikuwa mkali kiasi cha kufunika swali la riwaya yenyewe, la baba na namna anavyolea.

Katika All Fours, swali linalofunikwa ni la pesa. Msimulizi anatumia dola 20,000 kukipamba chumba kisicho chake. Anayelipwa kukipamba ni Claire, mke wa Davey, kijana wa kampuni ya kukodisha magari ambaye msimulizi anamtamani. Davey na Claire wanajiwekea akiba wapate kiasi hichohicho. Claire anafanya kazi nzuri, anashukuru, na hajui pesa ile inatoka katika hamu gani. Ingekuwa nafasi ya July kumfuata mwanamke huyu kama alivyomfuata Joe Putterlik. Riwaya inamwachia kurasa chache, kisha inarudi kwa mwenye pesa. Wanaosema kitabu hiki kinazungumza na wanawake wenye uwezo wa kununua upweke wao wana haki hapo, na sisi tunaokipenda tunapaswa kuwajibu kwa kumtazama Claire, siyo kwa kuwaambia kwamba wanaogopa miili yao.